Baba yuko kwenye usukani, nani anatazama joto la gia boksi?

Mwezi Januari, shule zikikaribia kufunguliwa, barabara za Ibaba huamka mapema. Hii ni kata ya milimani wilayani Ileje, mkoani Songwe. Mvua za msimu huo hugeuza udongo kuwa utelezi, na gari linaloshuka kuelekea Itumba na Isongole hulazimika kupanda vilima njiani kabla ya kuikuta lami ya kwenda Mpemba. Mwenye pikapu huku hana gari la matembezi. Gari hilo ni la mazao, la shule, la msiba na la mgonjwa wa jirani usiku wa manane.

Chukua mfano wa familia moja ya kubuni, ambayo mambo yake hayatakuwa mageni kwa wazazi wengi. Baba amenunua pikapu ya milango minne, ya otomatiki. Asubuhi hiyo amepakia magunia tisa ya mahindi yaliyosubiri bei ya Januari. Juu ya magunia kuna sanduku la bati na godoro la binti anayerudi bweni kuanza kidato cha tatu. Bibi amekaa nyuma na kadi yake ya kliniki. Mama yuko mbele, kushoto kwa baba.

Kilima cha kwanza kinapandwa salama. Kwenye cha pili, gari likiwa kwenye D na mguu wa baba ukiwa umekandamiza mafuta, mama anasikia harufu kama ya mahindi yaliyoungulia kwenye chungu.

"Baba, kuna kitu kinaungua."

Baba anatazama geji ya joto. Mshale uko katikati, pale pale unapokuwa kila siku. "Hakuna kitu, mama. Gari halijachemsha. Hizo ni breki za lori lililotutangulia."

Mama ananyamaza. Amesikia pia kwamba injini inalia zaidi kuliko mwendo unavyoongezeka, lakini mwenye usukani ndiye anayejua gari. Mita mia mbili baadaye injini inapiga kelele na gari halisogei. Kisha linaanza kurudi nyuma. Baba anakanyaga breki, binti anaruka kutafuta mawe ya kuweka nyuma ya magurudumu.

Hakuna aliyeumia. Lakini mahindi yaliuzwa pale pale kandokando ya barabara kwa bei ya mnunuzi, bibi alikosa kliniki, na binti aliripoti shuleni wiki moja baadaye bila nusu ya mahitaji yake. Gari lilivutwa mpaka Tunduma. Fundi alichomoa kijiti cha kupimia oili ya gia boksi, akakifuta kwenye kitambaa cheupe. Doa lilikuwa jeusi.

"Mzee," alimwambia baba, "hii haikufa leo. Imekufa kidogo kidogo."

Mshale haukudanganya

Kosa la baba ni la madereva wengi, na si la uzembe. Aliitazama geji, na geji ilisema kweli. Lakini mshale ule hupima joto la maji ya injini. Hausemi lolote kuhusu oili iliyo ndani ya gia boksi ya otomatiki. Maji yanaweza kuwa katika hali nzuri kabisa huku oili ya gia boksi ikiungua.

Kwa nini oili hiyo ipate moto namna hiyo? Gari la gia za mkono lina pedeli ya klachi. La otomatiki halina. Kati ya injini na gia boksi kuna kifaa ambacho mafundi hukiita toki konveta. Fikiria mapangaboi mawili yanayotazamana ndani ya chungu kilichofungwa na kujaa oili. La kwanza linazungushwa na injini. Linaisukuma oili, na oili inalizungusha la pili, ambalo ndilo linalopeleka nguvu kwenye gia na magurudumu.

Kwenye tambarare mapangaboi hayo hukaribia kuzunguka sawasawa, na gari likipata mwendo wa kutosha, klachi ndogo iliyo ndani huyafunga yakaenda pamoja. Kwenye mlima mkali, gari likiwa na mzigo na mwendo wa kobe, mambo hubadilika. La kwanza linazunguka kwa kasi, la pili linajikongoja. Nguvu inayopotea katika tofauti hiyo hugeuka joto, na joto hilo lote huingia kwenye oili.

Hali ya hewa ya Ibaba huongeza udanganyifu. Mwezi Juni na Julai dereva amevaa koti zito, kioo kimeingia ukungu, na hakuna anayefikiria habari za joto. Upepo wa baridi husaidia kweli kupoza, lakini hautoshi kufuta kazi ya tani moja ya mzigo inayopandishwa mlimani kwa gia isiyofaa.

Foleni nayo ina yake. Anayefika Tunduma na kujikuta katikati ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia husogea hatua moja na kusimama, hatua moja na kusimama, kwenye jua. Hakuna mlima hapo, lakini hakuna upepo wa kutosha unaopita kwenye rejeta, na joto la oili hupanda polepole bila mtu kujua.

Namba zenyewe

Kwa gia boksi nyingi za otomatiki, oili ikiwa kazini hukaa kati ya nyuzi joto 75 na 95 za Selsiasi. Ikifika 100 au 105 kwa dakika chache za mlima, si jambo la kutisha. Kuanzia 110 mtu anapaswa kuchukua hatua. Ikipita 120 kwa muda, oili huanza kuacha utando kama vanishi kwenye vyuma, na sili za mpira hukauka na kuwa ngumu. Ikikaribia 150, klachi pleti za ndani zinaungua.

Mafundi wana kanuni ya kukadiria: juu ya nyuzi 80, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wa oili kwa karibu nusu. Si hesabu ya maabara kwa kila gari, lakini inaeleza maneno ya yule fundi. Gari linalopanda kila wiki na oili yenye nyuzi 120 halisimami siku hiyo. Linasimama miezi kadhaa baadaye, siku ambayo familia imelihitaji kuliko siku zote.

Baadhi ya pikapu za miaka ya karibuni zimetengenezwa zifanye kazi na joto la juu kidogo kuliko za zamani. Hivyo kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Kama kitabu kimepotea, fundi anayejua aina hiyo ya gari anaweza kutaja kiwango chake.

Namna ya kuliona joto

Njia ya kwanza ni kusoma dashibodi. Pikapu chache huonyesha joto la oili ya gia boksi kwa namba au kwa mshale wake wenyewe. Nyingine zina taa tu ya onyo, yenye maandishi kama "A/T OIL TEMP". Taa ni bora kuliko kukosa kabisa, lakini huja mwishoni. Inapowaka, oili imeshapita mbali sana na kiwango kizuri.

Njia ya pili ni simu ambayo mzazi tayari anayo. Chini ya dashibodi, karibu na magoti ya dereva, magari mengi yana tundu ambalo fundi huchomeka mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Tundu hilo huitwa OBD. Marekani ililazimisha magari mapya yote kuwa na mfumo wa aina moja kuanzia yale ya mwaka 1996, na nchi nyingine zikafuata kwa nyakati tofauti. Kuna vifaa vidogo, vingine havizidi kiberiti kwa ukubwa, vinavyochomekwa hapo na kutuma taarifa kwenye simu kwa bluutuu. Programu ya simu kisha huonyesha joto kwa namba kubwa.

Anayenunua kifaa hicho ajue mambo manne.

Kwanza, joto la oili ya gia boksi si miongoni mwa taarifa ambazo kila gari hutoa kwa namna moja. Kila kiwanda kina njia yake. Programu lazima iwe na mpangilio wa aina halisi ya gari, na magari mengine ya zamani kutoka Japani hayasomeki kabisa. Ni vizuri kukijaribu kifaa kwenye gari kabla ya kulipa.

Pili, namba ijaribiwe asubuhi. Gari likiwa limelala nje usiku kucha, kabla injini haijawashwa, oili inapaswa kuwa na joto la karibu sawa na la hewa. Ibaba asubuhi ya baridi, programu ikisema 80 kwenye gari ambalo halijawashwa tangu jana, basi inasoma kitu kingine.

Tatu, kipimo kiwekwe kwenye Selsiasi. Programu nyingi za nje huanza na Farenihaiti, na mzazi akiona 200 anaweza kushtuka bure. Farenihaiti 200 ni kama Selsiasi 93, hali ya kawaida. Farenihaiti 230 ni Selsiasi 110, na 250 ni 121.

Nne, kifaa kichomolewe gari likilala siku nyingi, kwa kuwa vingine huendelea kula betri.

Njia ya tatu ni kipimajoto cha bastola. Wazazi wanavikumbuka vile vya kuelekezwa kwenye paji la uso wakati wa corona mwaka 2020. Vile havifai hapa, kwa kuwa vimetengenezwa kwa joto la mwili. Vinavyofaa ni vya mafundi, vinavyosoma nyuzi mia tatu na zaidi. Gari likisimama mahali pa usalama, mtu huelekeza kwenye bakuli la chuma lililo chini ya gia boksi. Namba itakuwa chini kidogo ya joto la oili yenyewe ndani, lakini kama bakuli linasoma zaidi ya 100, jibu limeshapatikana. Asiingie mtu chini ya gari lililo kwenye mteremko kwa ajili ya kupima.

Anayetazama si dereva

Hapa ndipo suala hili linapotoka gereji na kuingia nyumbani. Dereva anayepanda barabara ya milimani yenye utelezi hapaswi kutazama simu hata kwa sekunde mbili. Kutumia simu ukiwa unaendesha ni kosa la barabarani, na kwenye kona yenye korongo upande mmoja ni kosa lisilosubiri trafiki. Hivyo anayesoma namba lazima awe mwingine: mke, mtoto mkubwa, kijana wa kubeba mizigo.

Na hapo ugumu huanza. Katika nyumba nyingi, maneno ya abiria kuhusu gari huchukuliwa kama kelele. Mke akisema "punguza", anaambiwa hajui gari. Mtoto akisema kuna harufu, anaambiwa akae vizuri. Baba hafanyi hivyo kwa ukatili. Anabeba watu na mali mlimani, na kila sauti inayomwingilia inaonekana kama kumtilia shaka.

Namba husaidia kwa sababu haina dharau. "Unaendesha vibaya" ni ugomvi. "Mia na nane" ni taarifa.

Familia inaweza kukubaliana mapema, gari likiwa limeegeshwa na chai ikiwa mezani, kwa maneno machache tu. Joto likifika 100, anayetazama anataja namba. Likifika 110, dereva anabadili gia na kupunguza mwendo bila kujibizana. Likifika 120, gari linasimama mahali pa kwanza penye usalama, hata kama kilele kinaonekana. Makubaliano hayo yawe ya baba pia. Yakiwa ni amri ya mama au utundu wa mtoto, hayatadumu zaidi ya safari mbili.

Kwa kijana wa sekondari hii ni fizikia yenye mahindi juu yake. Akiandika kwenye daftari namba ya kila kilima, mzigo uliokuwepo na gia iliyotumika, baada ya mwezi mmoja familia itakuwa na kumbukumbu ambayo fundi yeyote angeitamani. Ikitokea kilima kilichokuwa kinapandwa kwa 98 sasa kinapandwa kwa 112 na mzigo ule ule, kuna kitu kimebadilika, na kimeonekana kabla hakijavunjika.

Joto linapopanda

Hatua ya kwanza ni gia. Kuacha D iamue yenyewe mlimani ni kuiacha gia boksi ihangaike kati ya gia mbili, huku mapangaboi yakiteleza. Dereva ahamie L au 2, au aichague gia ya chini kama gari lina nafasi ya kuchagua. Injini italia juu zaidi, lakini oili itapumua. Wengi hukwepa sauti hiyo wakidhani wanaitesa injini, kumbe wanaitesa gia boksi iliyo kimya.

Kwenye barabara ya udongo yenye mlima mkali, pikapu yenye magurudumu manne yanayovuta iwekwe 4L kabla ya kuanza kupanda. Gia hiyo nzito hupunguza sana kazi ya toki konveta. Lakini gari likikanyaga lami ya Isongole, 4L na 4H ziondolewe kwenye pikapu za kawaida. Kwenye lami kavu magurudumu hayawezi kuteleza kidogo yanapokata kona, na vyuma vya chini huanza kujikaza vyenyewe.

Gari likisimama mlimani kupisha jingine, dereva akanyage breki. Kulishikilia gari lisirudi nyuma kwa kukanyaga mafuta nusu nusu ni njia ya haraka sana ya kuchemsha oili, kwa sababu injini inafanya kazi na gari haliendi popote.

Ikibidi kusimama kabisa, injini isizimwe mara moja. Gari liwekwe P, breki ya mkono ivutwe, mawe yawekwe nyuma ya magurudumu, na injini iachwe ingurume polepole. Pampu ya gia boksi huendeshwa na injini. Ikizimwa, oili ya moto hubaki palepale bila kupita kwenye kipozeo. Dakika kumi hadi kumi na tano mara nyingi hutosha namba kushuka chini ya 95. Ikiwa mshale wa maji ya injini nao umefika juu, hilo ni tatizo jingine na lifuatwe kama kitabu cha gari kinavyoeleza. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe ukiwa wa moto.

Anayeshuka ana faida katika mazoea hayo hayo. Gia ya chini huifanya injini ilizuie gari, na breki hubaki na uwezo wake mpaka chini.

Usiku wa dharura

Mzazi anaweza kuuliza: na kama nyuma kuna mama mwenye uchungu? Nani atasimama kwa ajili ya namba ya kwenye simu?

Ni swali la haki, na jibu lake huanza kabla ya kuondoka. Usiku huo mzigo ushushwe wote, hata kama magunia yalipakiwa kwa ajili ya kesho. Mlima uanzwe kwa gia ya chini tangu mguuni, si katikati baada ya joto kupanda. Gari jepesi lenye gia sahihi kwa kawaida halifiki 120. Likifika hata hivyo, dakika kumi za kusimama na injini ikinguruma ni chache kuliko saa tatu za kumtafuta mwenye gari jingine usiku, huku mgonjwa akiwa ndani ya gari lisilosogea.

Familia pia isibaki na tumaini la gari moja. Kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, nchini kuna mfumo wa m-mama. Namba yake ni 115, haina malipo, na huunganisha mgonjwa na gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa. Namba hiyo iwe kwenye simu ya kila mtu mzima nyumbani, na ipigwe mapema, kabla pikapu haijawashwa.

Kinga ya kila mwezi

Oili ya gia boksi hupozwa kwa kupitishwa kwenye rejeta, au kwenye kipozeo kidogo kilicho mbele yake. Msimu wa mvua tope huziba vipenyo hivyo. Msimu wa kiangazi ni vumbi, mbegu za nyasi na wadudu. Maji ya kawaida ya bomba, yakimwagwa taratibu kutoka upande wa injini kwenda nje, hutosha kusafisha. Mashine yenye nguvu ya kuoshea magari ikisogezwa karibu hukunja vibati vyembamba, na hewa haipiti tena.

Oili yenyewe itazamwe. Pikapu zenye kijiti hupimwa oili ikiwa ya moto, injini ikinguruma, gari likiwa tambarare, isipokuwa kitabu kimesema vinginevyo. Oili nyingi za gia boksi huwa nyekundu zikiwa mpya. Kahawia iliyokolea inaomba kubadilishwa. Nyeusi yenye harufu ya kuungua inaomba fundi. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji ya rejeta yameingia ndani yake, na gari lisiendeshwe tena hata kilometa moja. Magari mapya mengi hayana kijiti, na hayo hupimwa na fundi kwa utaratibu wake.

Aina ya oili nayo si jambo la kubahatisha. Jina lililoandikwa kwenye kitabu au kijiti, kama ATF WS kwa Toyota nyingi za karibuni, ndilo la kununua. Dawa zinazotiwa ndani ya oili hizi huamua klachi pleti zinashika vipi. Kwa miaka mingi Marekani ilitumia hata mafuta ya nyangumi kwa kazi hiyo, mpaka yalipopigwa marufuku mwanzoni mwa miaka ya 1970 na viwanda vikalazimika kutafuta mbadala. Kuchanganya kilichopo dukani kwa kuwa "zote ni nyekundu" ni kucheza na gia boksi nzima.

Baadhi ya wauzaji husema oili hiyo haibadilishwi milele. Kitabu cha gari kwa kawaida huwa na ukurasa wa matumizi magumu: milima, vumbi, mzigo mzito. Gari la Ibaba lipo kwenye ukurasa huo tangu siku linapofika.

Mwisho ni mzigo. Magunia kumi ya kilo 100 ni tani moja kamili, ambayo ndiyo karibu uwezo wa pikapu nyingi, na watu waliokaa ndani nao wana uzito. Gunia likifungwa lumbesa, hesabu hiyo imeshaharibika, maana dereva anahesabu magunia na mlima unahesabu kilo. Safari mbili zenye magunia sita sita zinakula mafuta zaidi kuliko safari moja ya kumi na mbili, lakini hazili gia boksi.

Safari iliyofuata

Ile familia ya mfano ilikaa miezi minne bila gari. Lilipotoka gereji na gia boksi iliyotumika, baba alinunua kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya dashibodi. Kwa siku mbili hakumwambia mtu kwa nini. Siku ya tatu alimpa mama simu, akasema, "Utakuwa unanisomea."

Binti alipokuwa anarudi shuleni baada ya likizo ya katikati ya mwaka, mahindi yalikuwa magunia sita. Kulikuwa na baridi, na bibi alikuwa nyuma amejifunika khanga mbili na blanketi. Kwenye kilima kile kile, mama alitazama simu.

"Mia moja," alisema.

Baba hakujibu. Gari liliendelea kupanda.

"Mia na sita. Baba, mia na tisa."

Kwa muda kidogo ilisikika injini tu. Binti aliacha kutafuna muwa. Kisha baba aliachia mafuta, akasimama kwa breki, akaweka 4L, akaanza kupanda upya kwa mwendo ambao mtu mwenye baiskeli angewapita.

"Mia na nne," alisema mama. "Mia. Tisini na saba."

"Endelea kusoma," alisema baba.